Msizifute Kona za Zamani

Barua ya wazi kwa wahandisi wa barabara, madiwani na askari wa usalama barabarani wa Mtwara

YAH: NJIA YA BAISKELI KUTOKA MIKINDANI HADI PANTONI KILAMBO

Waheshimiwa,



Mimi ni fundi baiskeli. Kijiwe changu kipo Kilambo, mwisho wa barabara, kilomita kama 40 kutoka Mtwara mjini. Ukiipita ofisi ya Uhamiaji unakutana na mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Vifaa vyangu vyote vinaenea chini ya mwembe mmoja: pampu, beseni la maji la kutafutia pancha, kopo la solusheni, spana, na gogo ninalolitumia kunyooshea rimu. Sina cheo na siwakilishi chama chochote. Ninachokijua nimekijua kwa mikono.

Baiskeli haifichi safari yake. Spoku za nyuma zikikatika upande wa mnyororo, mwenyewe alibeba gunia akapanda nalo kilima. Raba za breki zikiisha upande mmoja, gurudumu linayumba na yeye amelizoea. Lakini rimu ya mbele ikibonyea mahali pamoja, kama imepigwa nyundo, sina haja ya kuuliza. Mtu huyo alitoka kwenye lami ghafla. Nikiuliza kwa adabu tu, jibu huwa lilelile: "Lori limenipigia honi, nikatoka."

Msimu wa korosho uliopita rimu za namna hiyo zilinijia nyingi kuliko msimu wowote ninaoukumbuka. Mwanzoni nilihesabu faida. Baadaye nikaanza kuwatazama waliozileta: mmoja mkono umefungwa kitambaa, mwingine hakuja mwenyewe, amemtuma mdogo wake. Nikaacha kuhesabu.

Na mimi nimewahi kutoka. Ilikuwa Novemba, jioni, narudi kutoka mjini, mtoto wa dada yangu amekaa kwenye keria na mfuko wa tyubu mapajani. Tulikuwa tunaikaribia kalavati moja. Mnajua ilivyo kwenye kalavati nyembamba: barabara inakuja na bega lake, kisha penye ukuta wa zege bega linakatika, na mwendesha baiskeli inabidi aingie katikati ya magari hatua kumi ndipo atoke tena. Nyuma yangu lori, mbele yangu basi linakuja. Honi ikalia, ndefu. Nilikuwa na ukuta na nyasi, nikachagua nyasi. Ukingo wa lami ulikuwa umelika, kimo chake shibiri nzima. Gurudumu la mbele likazama, usukani ukanitoka mikononi, na sote wawili tukaenda chini pamoja na tyubu zetu. Lori halikusimama. Namba zake sikuziona na dereva simtafuti. Huenda hata hakujua. Mtoto alipona. Amebaki na kovu gotini, na hadi leo ukimwambia apande keria anasema atatembea.

Nimeanza na hayo kwa sababu lami hiyo sasa inakuja hadi huku kwetu, na mimi ni miongoni mwa watakaoifurahia. Tumeona kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata zikikamilika, kisha zile 160 za kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi zikaanza kushughulikiwa. Barabara ya Mangamba, Madimba hadi Msimbati imetajwa miaka mingi kwenye bajeti za ujenzi. Mahali palipo mpaka, bandari na gesi, barabara nzuri ni haki. Mgonjwa wa Kilambo atafika Hospitali ya Ligula akiwa hai, na muhogo wetu utafika sokoni haujaoza. Ninachowaomba ni kwamba mtakapokaa na ramani zenu mezani, mtukumbuke sisi tulio wengi barabarani humu na tusiotoa moshi.

Huku baiskeli si chombo cha pembeni. Simameni Mahurunga saa 12 na nusu asubuhi mtazame kinachopita. Mchuuzi wa samaki na tenga lake, maji ya barafu yanamchuruzikia mgongoni. Kijana mwenye madumu manne ya maji, mawili kila upande. Baba anayempeleka mwanafunzi, mwanafunzi naye amempakata mdogo wake. Mkulima na gunia la korosho limelazwa kwenye keria na kufungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Gari likija mara moja, baiskeli zimeshapita kundi. Hata hivyo tukisikia neno "watumiaji wa barabara" redioni, picha inayokuja kichwani ni ya magari.

Kuna kundi jingine, na hili ndilo linalonisukuma zaidi, kwa sababu halina wa kulisemea. Ni watu wanaoendesha kwa raha. Jumapili asubuhi huwa tunatoka watu saba, wanane, wakati mwingine na vijana wa Mahurunga wakiungana nasi njiani. Hatubebi kitu. Huku kwetu baiskeli isiyo na mzigo inaulizwa inakwenda wapi, na mwanzoni wazee walituona tumepotewa na kazi. Sasa wameshazoea, na mama mmoja anayekaanga vitumbua njiani hutuwekea vyetu pembeni.

Ningependa mwione safari hiyo mwezi wa saba. Tunaondoka pantoni kabla jua halijatoka, ukungu bado umelala juu ya mto na mitumbwi inaonekana nusu. Mashamba ya mpunga yapo chini, unapanda taratibu, halafu mikorosho inakupokea. Wakati huo imechanua, na upepo umechanganya harufu ya maua na ya salfa iliyopulizwa jana yake, inawasha puani kidogo. Chini ya mikorosho hewa ni ya baridi. Mchanga umelowa umande, tairi haizami. Kusi ndio umeanza kuamka, na kwa kuwa tunaelekea kaskazini unatusukuma mgongoni. Mtu mwenye umri wangu anajikuta anakwenda kama kijana. Kurudi ndiko kwenye deni, maana mchana upepo huohuo unakuwa usoni na kilomita moja inakuwa mbili. Hakuna anayelalamika. Nimewaona watu waliofika kundini wakiwa na mawazo yaliyowakosesha usingizi, na wakifika kwenye mteremko wa kurudi mtoni wanaachia breki na kupiga kelele kama watoto.

Raha hiyo ni ya mtu maskini. Haihitaji kiingilio wala mafuta. Ndiyo maana nasikitika ninapoona inachukuliwa kama anasa ya kushughulikiwa baadaye, mambo mengine yote yakishakwisha. Njia ambayo mwenye raha ataendesha bila woga Jumapili ndiyo hiyohiyo mchuuzi wa samaki ataendesha bila woga Jumatatu. Ukimjengea mmoja umemjengea na mwingine kwa gharama moja.

Sasa nije kwenye kona.

Barabara ya zamani ilipita alipopita mtu. Ilizunguka mbuyu, ikakwepa mahali panapotuama maji, ikapita karibu na kisima, ikapinda kwenye makaburi kwa heshima. Lami haiwezi kufuata hayo yote. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji barabara iliyonyooka, na mhandisi ana sababu nzuri ya kuinyoosha. Kila inaponyooshwa, kipande cha zamani kinabaki pembeni, kama upinde uliokatwa kamba. Mita 200 hapa, nusu kilomita pale. Kimeshashindiliwa na miguu na magurudumu ya miaka, mara nyingi kina miti pande zote mbili, na kinapita mbele ya nyumba, kisima na shule. Baada ya mkandarasi kuondoka, kipande hicho huwa hakina mwenyewe. Mmoja anamwaga kifusi, mwingine anasogeza shamba, na baada ya masika mawili hukioni tena.

Ombi langu kubwa ni hilo: msizifute kona za zamani. Ziacheni ziwe njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Mkandarasi akiwa bado yupo na greda lake, azisawazishe mara moja, azichimbie mifereji ya kutoa maji, aweke nguzo mbili fupi kila mwisho ili gari lisiingie. Kisha kipande na kipande viunganishwe kwa njia nyembamba ndani ya hifadhi ya barabara. Hapo mtakuwa mmepata njia ya kutoka mjini hadi mtoni, na sehemu yake kubwa ilikuwa inakwenda kutupwa.

Mtaniambia ardhi ya kuunganishia haipo. Ipo, tena mmeshaipima. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Tunaikumbuka vizuri kwa sababu ya alama za X kwenye kuta za watu. Familia zilisogea, mikorosho ya urithi ikahesabiwa, na mita zile 60 zikawekwa wazi kwa ajili ya barabara. Lami na mabega yake haichukui hata robo ya upana huo. Watu waliovunja nyumba zao kuipisha barabara wanastahili kupata mita mbili ndani yake ambazo mtoto wao anaweza kuendesha bila kuuawa.

Kwa zile kona zitakazoangukia nje ya hifadhi, madiwani, hapo ni penu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Njia hizo ziingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi mapema, kabla mtu hajapanda mihogo juu yake na mkalazimika kumwondoa. Mimi niko tayari kuzunguka na wenyeviti wa vijiji na chokaa kuzionyesha.

Mkoa huu tayari unajua uchungu wa njia iliyopotea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja kusini na mpango wa karanga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikawashinda, na mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mjini tumebaki na kata inayoitwa Reli, na watoto wanaozaliwa humo hawajawahi kusikia treni. Sisemi tuifufue. Ila nchi nyingi zilizofunga reli ziligundua kwamba tuta la reli ni zawadi kwa baiskeli: treni haipandi kilima kikali, kwa hiyo mhandisi wa reli alikwishatafuta mteremko mpole unaomfaa hata mzee wa miaka 70. Pale ambapo tuta lile halijamezwa na nyumba na mashamba, mtu wa ramani alitafute. Tungekuwa tumelihifadhi mwaka 1962, leo wageni wangeliendesha kutoka bandarini kuingia bara chini ya miembe.

Upande wa Mikindani shida ni nyingine. Kutoka Mtwara ni kilomita zisizozidi 11, na kwa uzuri wa kuendesha sijaona pa kufananisha: ghuba imejikunja mkononi mwako, madau yameegeshwa, nyumba za mawe za mji wa kale, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limesimama juu ya miti na paa za makuti. Livingstone alianzia hapo mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuingia bara, kwa miguu. Leo sithubutu kumpitisha mwanafunzi wangu wa ufundi kwa baiskeli. Malori yote yanayotoka Masasi na Lindi kuja bandarini yanapita humo: korosho, saruji, na miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma. Barabara imebanwa kati ya kilima na maji, na hakuna kona ya zamani ya kukimbilia. Hapo inahitajika njia ya kutenganishwa kabisa, yenye ukingo wa zege kati ya gurudumu na gurudumu, hata kama ni kwa urefu wa ghuba tu. Haitakuwa rahisi. Naomba ianze kupimwa.

Msimbati ni hadithi ya furaha zaidi. Maji yakitoka, mchanga wa ufukwe ule unakuwa mgumu kama sakafu na unaweza kupiga pedeli mpaka uchoke. Lakini eneo lile lipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa hupanda kutaga juu ya mstari wa maji kujaa. Nimewaona vijana wakipanda na pikipiki mpaka huko juu. Njia yoyote ya matembezi itakayochorwa ibaki kwenye mchanga uliolowa, chini, na wahifadhi washirikishwe tangu siku ya kwanza. Baiskeli ikivunja mayai ya kasa nayo imekuwa lori.

Na huku mwisho, mtoni, kuna la kusema kwa uangalifu. Zamani walikuwa wakija wasafiri wa masafa, wengi wao Wazungu, mifuko minne imening'inia pembeni ya magurudumu, wanatoka kaskazini mwa Afrika wanakwenda kusini kabisa. Walilala Kilambo wakisubiri maji yaruhusu pantoni, maana mto wetu una mafungu ya mchanga na kivuko kinakwenda kwa saa ya bahari. Nilijifunza kwao kurekebisha gia za nyuma ambazo sikuwa nimewahi kuziona. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, na zaidi baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu, kushambuliwa Oktoba 2020 na mji wa Palma, ng'ambo, Machi 2021, wamekuwa adimu. Tuliopo hapa tunajua uzito wa mambo hayo kuliko yeyote. Kwa hiyo siombi njia ya kufuata ukingo wa mto. Njia iishie kwenye pantoni, mahali penye watu na askari, na vyombo vya ulinzi viwe vimeshauriwa. Zaidi ya hayo, ukingo una wenyeji wake. Viboko hupanda kwenye mpunga giza likiingia, na mamba hawabagui anayeosha baiskeli na anayechota maji. Ikiwekwa hata bango moja la kusema mtu asiteremke majini baada ya jua kuzama, litaokoa mgeni.

Wahandisi, naomba nirudi kwenu kwa mambo madogo, yale ambayo hayagharimu karibu chochote yakifanywa mwanzoni na yanagharimu mno yakifanywa baadaye. La kwanza ni rasta, ile mistari ya matuta madogo inayokatiza lami. Nia yake ni njema, zimewekwa ili dereva apunguze mwendo anapokaribia shule. Lakini rasta ikivutwa kutoka ukingo hadi ukingo, dereva ana springi, mwenye baiskeli hana. Mwanamke aliyefunga trei mbili za mayai kwenye keria akizipita anafika na maji ya mayai. Anachofanya ni kimoja kati ya viwili: anashuka mchangani upande wa kushoto, au anahamia katikati ya barabara ambako madereva wengine wameshalainisha mistari. Acheni uwazi wa mita moja upande wa bega. Gari haliwezi kuutumia, baiskeli itapita kama inapita kwenye mlango wake.

La pili ni kalavati, na nimeshasimulia kwa nini. Bomba la kalavati likirefushwa kwa mita mbili kila upande, bega halikatiki. Likishafukiwa na kujengewa ukuta, hakuna atakayerudi kulirefusha. La tatu ni bega lenyewe. Bega la changarawe linaliwa na mvua, kila masika linashuka chini ya lami kidogo zaidi, mpaka inakuwa ile shibiri iliyonitupa mimi. Bega liwe la lami, mita moja na nusu kwa uchache, na mstari mweupe unaoonekana usiku.

Askari wetu wa usalama barabarani, kwenu ombi langu ni mwendo. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Gari la kasi hiyo linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja, yaani kabla mtoto hajamaliza kugeuza shingo kutazama honi imetoka wapi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Februari 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm, na azimio lao likataka mwendo usizidi kilomita 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Anzeni na mita chache mbele ya kila shule ya msingi kati ya Mtwara na Kilambo, saa za kuingia na kutoka. Tutawaunga mkono. Wenye mashamba wapo tayari kukata matawi yanayoziba vibao.

Na honi, wakuu wangu. Dereva anapiga honi akidhani anatoa taarifa. Anayeipokea mgongoni anaisikia kama amri ya kutoka. Nchi kama Ufaransa zimeandika kwenye sheria kwamba gari likiipita baiskeli nje ya mji liache mita moja na nusu. Sisi hata kabla ya kuandika tunaweza kufundisha. Siku za mafunzo ya madereva wa malori kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, niiteni. Nitakuja na baiskeli yangu, mmoja wao aipande, na lori limpite polepole kwa umbali wa hatua moja. Dakika tano zinatosha.

Sisi nasi tuna makosa yetu na sitayaficha. Wengi hatuna taa. Tunaendesha usiku tukitegemea mwezi, na kwenye mvua ya Februari tukiwa na koti jeusi. Wapo wanaopita upande wa kulia wakisema wanataka kuona gari linalowajia. Wapo wanaobeba nguzo za mikoko kwa kukingama, upana wa barabara nzima. Kijiweni kwangu nimejiwekea sharti: baiskeli haitoki bila breki mbili zinazoshika, na mwenye kulipia kazi kubwa namfungia kiakisi mwanga chekundu nyuma bila malipo. Navipata kwa kukatakata vilivyovunjika vya pikipiki. Mafundi wengine wa Nanguruwe, Madimba na mjini wakipewa viakisi kwa bei ya jumla, tunaweza kuzifikia baiskeli nyingi kuliko semina yoyote, maana kila baiskeli hupita kwa fundi, hata ya asiyejua kusoma.

Mambo haya hayahitaji nchi tajiri. Kigali, jirani zetu, walianza mwaka 2016 kuzifunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na waendeshe, na Septemba 2025 mji huohuo ukaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mtwara ina barabara pana ambazo Waingereza walizichora kwa ajili ya mji mkubwa ambao karanga hazikuuleta. Shangani, pembeni ya bahari, Jumapili saa 12 hadi saa 3 asubuhi magari ni ya kuhesabu. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ikizuia magari kwa saa hizo tatu, mara moja tu kwa mwezi, watoto wa Chikongola na Majengo watapata pa kujifunzia. Leo wanajifunzia barabarani, mguu umepenyezwa chini ya bomba la fremu kwa sababu baiskeli ya baba ni ndefu, macho yapo kwenye pedeli, na gari linakuja.

Hata Uholanzi, ambako tunaambiwa kila mtu ana baiskeli, barabara hazikuwa salama hivyo tangu zamani. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi ndio walioingia barabarani kudai. Njia zao nyingi zimejengwa baada ya vilio hivyo. Sisi tuna bahati ya kuliomba hili lami ikiwa bado mbele yetu.

Najua TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ana barabara zake, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ana zake; halmashauri ina bajeti yake na polisi wana mipaka yao. Mwendesha baiskeli anavuka mamlaka zote nne kabla ya chai ya asubuhi. Ndiyo sababu barua hii nimeiandika moja, na naomba muisomee mahali pamoja.

Nimeanza kuzitia chokaa kona za kutoka Kilambo, zile ambazo mhandisi yeyote akizitazama atataka kuzinyoosha. Moja ina mkwaju mkubwa, na chini yake ndipo sisi wa Jumapili hupumzika. Nyingine inapita nyuma ya shule, kivuli mwanzo hadi mwisho. Jumapili yoyote mtakayochagua, njooni. Baiskeli nitaziandaa, breki zimekazwa na matairi yamejaa upepo. Nipeni tu idadi ya watu. Tutaondoka pantoni saa 12 na robo, tuwahi kabla jua halijawa kali. Tutazipita kona zote zenye chokaa, na tukifika kwenye kalavati ya kwanza nitaomba tushuke tupime pamoja. Tepu ninayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli,
Kilambo, Mtwara